Mvinyo Nilioutema Ukweni

Mdogo wangu alipopata mchumba, alinipa kazi moja tu siku ya kwenda kutoa mahari: vinywaji. Mengine yote, mbuzi, chumvi, vitambaa, aliwagawia jamaa wengine. Baba na mama walikwisha kufariki, na mimi ndiye niliyemlea tangu alipokuwa hajui kufunga kamba za viatu, kwa hiyo kule ukweni nilikuwa niende kama dada, kama mama, na kwa sehemu kama baba. Alikuja kwangu akiwa bado na grisi mikononi, maana kazi yake ni kutengeneza mashine za mashua za mtoni, akaniita yaya, yaani dada mkubwa, kama kawaida yake: "Yaya, ile mvinyo yako ya mananasi njo tutapeleka. Bakilo bayue kama sisi pia tuko batu."

Nilifurahi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu. Bakilo, yaani wakwe, wangekunywa mvinyo wa mikono yangu, na mdogo wangu ndiye aliyetaka hivyo bila mimi kumwomba.

Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule moja ya sekondari hapa Kisangani, lakini ukiniuliza moyoni mimi ni nani, nitakujibu kwamba ni mpenzi wa mvinyo. Nasema mpenzi, sisemi mnywaji, na tofauti hiyo niliishikilia kwa kiburi kikubwa. Mtandao ukiwa mzuri, naketi barazani na simu yangu nasoma habari za mvinyo za dunia: baridi imeunguza machipukizi ya mizabibu mahali fulani, moshi wa moto wa msitu umeingia kwenye zabibu mahali pengine, wakulima wanang'oa mashamba kwa sababu vijana wa kwao hawanywi tena. Siku moja nilisoma habari za mvua ya mawe iliyoangusha mavuno yote ya kijiji kimoja, nikakaa nimeshika tama, mpaka jirani akavuka njia kuja kuuliza nani amefariki. Nilimwambia hakuna. Sikuthubutu kumweleza kwamba nahuzunikia zabibu za watu nisiowajua.

Mvinyo wa kununua hutufikia umechoka. Unapanda mto kutoka Kinshasa majuma mengi juani, kizibo kimesukumwa nje kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Hata hivyo kila Jumamosi mchana tulikuwa tukikutana sebuleni kwangu wanawake watatu, mimi, mwenzangu anayefundisha Kifaransa na mjane mmoja anayeuza vitambaa, tukafungua chupa moja na kuionja. Tulikuwa na maneno yetu wenyewe. Mmoja akisema anasikia tondolo, lile tunda jekundu la msituni lenye uchachu, mwingine anasema hapana, ni majani ya kufungia liboke, samaki wa kuokwa makaani, yakishapata moto. Tulizungusha glasi, tukanusa, tukajaza kinywa, tukausukuma mvinyo huku na huku ulimini, kisha tukatema kwenye ndoo ya plastiki iliyowahi kuwa ya mayonezi. Hatukumeza hata tone. Nilikuwa nimesoma kwamba waonjaji wa kweli hutema, na pia mwalimu hawezi kutembea mjini mchana akiyumbayumba, mwanafunzi akamwona. Kutema ndiko kulikotutenga na walevi, ndivyo nilivyokuwa nikisema, na nilipenda kulisema.

Kutengeneza nilijifunza mwenyewe, kwa kuharibu. Mananasi hutoka njia ya Bengamisa, yanaletwa juu ya toleka, baiskeli za kukodi, yakiwa yamefungwa kwa kamba hadi mwendeshaji haonekani. Mvinyo wangu wa kwanza niliutia hamira ya mkate, ukatoka na harufu ya mandazi. Wa pili uligeuka siki, tukala nao samaki. Baadaye nikaacha hamira ya dukani, nikaanzisha chachu kwa maganda ya nanasi lenyewe, nikaiweka kwenye bidoni, dumu la plastiki, na kwenye kifuniko nikapitisha mpira wa seramu, ule wa kutundikia wagonjwa maji, ncha yake ikazama kwenye chupa ya maji ili hewa itoke isirudi. Ulikuwa ukibwabwaja kwenye kona nikisahihisha mitihani, na mimi nikiuzungumzisha kama mtu anavyozungumza na kuku wake. Ule wa mahari niliuacha utulie mpaka ukawa mwangavu, rangi ya chai isiyokolea. Nilikuwa sijawahi kutengeneza mzuri kama ule, na sijatengeneza tena.

Sasa niwaeleze wale bakilo, kwa maana bila hilo aibu yangu haieleweki. Ni watu wa mto, wa kutoka pande za Yanonge, waliohamia mtaa wa Tshopo hapa mjini zamani na wanauza samaki wa kukaushwa kwa moshi. Walikuwa na mtoto wa kiume, kaka wa yule binti. Kijana huyo alikwenda kwenye sherehe ng'ambo ya mto, akanywa kwenye glasi aliyopewa, akarudi nyumbani akiumwa tumbo, na hakupona. Daktari alisema ni ini, kwamba ugonjwa ulikuwamo siku nyingi. Familia haikumsikia daktari. Wao waliiona ile glasi, na mpaka leo wanaiona.

Hapa kwetu anayepeleka kinywaji ukweni hukionja kwanza mbele ya watu. Tunaita kutosha sumu, kuiondoa sumu. Katika nyumba nyingi ni adabu tu, mtu anagusisha midomo, watu wanacheka, glasi zinazunguka. Katika nyumba ile haikuwa adabu tu. Mdogo wangu aliniambia asubuhi ileile, tukifunga chupa kwa vitambaa vilivyoloweshwa ili zisipate joto. "Yaya, kule unakunywa, unameza. Banaangaliaka koo."

Nikamjibu, "Utanifundisha mimi kunywa?" Akacheka. Nami nikacheka.

Tuliketishwa sebuleni kwao, familia zikitazamana, sisi upande wa dirisha. Aliyekuwa mkubwa pale ni ndugu wa baba wa binti, wote walimwita tonton, mzee mpole mwenye sauti ya chini. Mama wa binti alikaa karibu na mlango wa uani, mikono yake juu ya magoti. Msemaji wetu alisema vizuri, msemaji wao akajibu vizuri, wakataniana kidogo kama inavyopasa, mbuzi akasifiwa. Binti aliitwa, akaulizwa kama anatujua, akasema ndiyo huku akimtazama mdogo wangu. Kila kitu kilikuwa kinakwenda. Kikabaki kinywaji, na baada ya kinywaji mambo yangekuwa yamekwisha.

Nikasimama na chupa yangu. Kitu nilichotakiwa kufanya kingeweza kufanywa na mtu yeyote mwenye koo: kumimina, kunywa, kumeza, kukaa chini. Badala yake nikatoa somo. Niliwaeleza mananasi yalikotoka. Niliwaeleza mpira wa seramu. Ndiyo, mbele ya watu waliompoteza mtoto kwa glasi, mimi mwalimu wa kemia nilisimama nikataja vifaa vya hospitali, na bado nikaona wananisikiliza kwa sababu wamevutiwa. Nikainua glasi kwenye mwanga wa dirisha. Nikaizungusha. Nikaingiza pua.

Kisha nikajaza kinywa. Mvinyo ulikuwa mzuri, na nikisema mzuri namaanisha kwamba nilifumba macho. Utamu ulikuja kwanza, ukaondoka wenyewe bila kung'ang'ania, uchachu ukabaki pembeni mwa ulimi, na nyuma yake kulikuwa na kitu kama asali iliyoungua kidogo. Nilisahau nilikuwa wapi. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote, kuliko hata kilichofuata: kwamba katika saa ile ya mdogo wangu sikuwa namfikiria hata kidogo. Nilikuwa najifikiria mimi na ulimi wangu, na nilikuwa na furaha.

Kinywa changu kikafanya kilichozoea kufanya kila Jumamosi. Nilitafuta ndoo kwa macho, sikuiona, mlango wa uani ulikuwa wazi. Nikainama kidogo, nikatema nje. Nikajifuta midomo, nikageuka kwao nikitabasamu, nikasema, "Acidité, ile uchachu, iko muzuri sana."

Tonton aliweka kiganja chake juu ya glasi yake tupu. Aliyekaa pembeni yake akafanya vilevile, na aliyefuata, mpaka upande wote wa pili ukawa viganja juu ya glasi. Mama wa binti aliinuka, akachungulia pale chini mlangoni palipolowa, akatoka uani. Alirudi na majivu ya jikoni kwenye kipande cha bati, akayamwaga juu ya ile alama, akayasambaza kwa mguu mpaka pakafunikwa. Kisha akaingia nyumba ya nyuma, na kutoka kule nikasikia analia.

Nilikuwa bado sijaelewa, niamini ukitaka. Nilimtazama mdogo wangu nipate kujua kuna nini, na ni uso wake ulionieleza.

Hapo uso ulinishuka. Nikaanza kusema haraka haraka, Kifaransa na Kiswahili na Lingala vyote pamoja. "Tonton, tafazali, ile haiko mambo mubaya. Batu ya vin banafanyaka vile. Banaonja, banatema. Iko vile dunia muzima."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinisubiri nimalize, akasema, "Bon, mama mwalimu. Wewe mwenyewe unasema kinywaji iko muzuri. Alors, juu ya nini imekatala kuingia ndani yako?"

Nikashika glasi nikamalizia mvinyo wote uliobaki, nikameza kwa sauti kama mtoto anayelazimishwa dawa. Nikachukua chupa, nikanywa kwenye shingo ya chupa, mimi wa kuzungusha na kunusa, mvinyo ukinitiririka kwenye kidevu na kwenye blauzi niliyoishonesha kwa siku ile. Tonton akainua mkono taratibu. "Acha, mama. Sasa unakunywa juu tumekuona."

Walituomba tutoke na vitu vyetu. Si mvinyo peke yake: bia zilizokuwa bado zimefungwa, soda, chumvi, vitambaa, mbuzi. Mtu aliyetia hila kwenye chupa moja, nani ajue amefanya nini kwenye gunia la chumvi? Tulivibeba mchana kweupe, barabara nzima ikitazama, wanawake wakisimamisha michi yao. Mahari ikirudi njia iliyojia, hakuna haja ya mtu kuuliza. Waliuliza hata hivyo. Mbuzi naye hakutaka kutembea.

Nilipoona tumefika mbali nikajitetea tena. Nilimwambia mdogo wangu kwamba waonjaji wakubwa wote duniani hutema, kwamba si kosa langu kama watu hawajui. Alikuwa amebeba kreti begani, hakugeuka. "Yaya, tulikuwa kwa bakilo," alisema. "Hatukuwa kwa dunia muzima."

Basi nikakasirika, kwa kuwa kukasirika ni rahisi kuliko kuaibika. Majuma ya kwanza niliwaita washamba. Niliwaita hivyo ndani ya nyumba yangu, kwa sauti, nikipanga chupa zangu. Mwenzangu wa Kifaransa alipokuja nilimsimulia kama kichekesho, naye akacheka hadi akashika mbavu, kisha akaniona usoni akanyamaza. Yule mjane wa vitambaa hakucheka. Aliniuliza jambo moja: yule mama, mtoto wake aliyekufa, alikuwa wa ngapi? Sikujua. Nilijua aina za mizabibu ya nchi nisizowahi kukanyaga, na sikuwa nimewahi kuuliza lolote kuhusu mtoto wa mtu tuliyetaka kuunga naye undugu. Ile Jumamosi hatukufungua kitu.

Shuleni habari ilinitangulia. Nikimimina kitu kwenye neli ya maabara, darasa lote linakuwa kimya kwa namna isiyo ya heshima. Siku moja nilikuta wameandika ubaoni "Mwalimu, meza kwanza." Nilifuta mwenyewe nikaendelea na somo. Ningewaadhibu kwa lipi?

Mdogo wangu alikuwa anakonda. Habari zilisema familia ya binti imeanza kupokea wageni wengine, mwanamume mwenye duka. Ndipo akatuma ujumbe kwa mdogo wa baba yetu kule Isangi, mzee ambaye mimi sikumshirikisha mwanzoni kwa sababu anakula akiongea. Mzee alishuka mashuani na kibuyu cha tembo la mchikichi lililogemwa alfajiri, akaenda nalo moja kwa moja hadi kwa bakilo. Niliambiwa hakutoa hotuba. Alimimina kikombe kikubwa akanywa, akamimina kingine akanywa, akafungua kinywa waone hakuna kitu, akapiga tumbo lake. Tonton akanyoosha glasi.

Walikubali. Mdogo wangu alikuja kunieleza, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akawa anasema na ukuta. Ndoa ingefanyika. Mimi ningekaribishwa, hakuna aliyekataa nisije. Ila mkono wangu usiguse chungu, wala sahani, wala kikombe.

"Ni sawa," nilimwambia.

"Njo vile balisema, yaya. Haiko mimi."

"Nimesema ni sawa."

Siku ya harusi nilikaa kwenye kiti cha mbele nimevaa sare ya familia, mikono nimeilaza mapajani kama mtu anayepigwa picha. Wanawake wa upande wetu walipakua, wakapita, wakarudi. Kwetu mama wa bwana harusi ndiye anayewanywesha maharusi kinywaji cha kwanza, na mke wa yule mzee wa Isangi, ambaye mdogo wangu hamjui vizuri, ndiye aliyefanya. Wakati fulani mtoto mmoja, hajui lolote, alininyooshea sinia nimpasie aliyekaa nyuma yangu. Kabla sijanyoosha mkono, shangazi mmoja alilichukua juu ya kichwa changu. Alifanya kwa upole, akatabasamu, wala mchuzi haukumwagikia mtu. Nilitamani anisukume.

Miezi imepita. Sasa wana nyumba yao, na wifi yangu ana mimba. Ni binti mzuri, ananiita yaya, ananiletea samaki wa kwao na mimi nawapika na kuwala bila kuuliza. Lakini kwangu hakuwahi kunywa kitu. Alikuwa anasema ametoka kunywa, au hana kiu, na siku moja nilimwona kwa dirisha, ameniaga tu, anaomba maji kwa jirani.

Jumapili iliyopita walikuja wote wawili baada ya misa, jua la saa sita likiwa kali, yeye amevimba miguu. Nikaamua sitamwacha ateseke kwa ajili yangu. Nikaleta jagi la maji na glasi mbili, nikamimina yake kwanza, nikanywa mimi mbele yake, nikameza, nikampa. Aliipokea kwa mikono miwili akanywa yote, akashusha pumzi, akasema, "Merci, yaya." Nilisikia mzigo umenitoka. Nikaijaza na ile ya pili, nikampa mdogo wangu.

Ndugu wa tumbo moja hawaonjeani maji. Huyu nilimnywesha uji kwa kijiko, nilimnywesha dawa ya malaria akiwa ameziba pua, akimeza kila nilichompa kwa sababu kilitoka kwangu. Aliipokea glasi, akaanza kunieleza habari za mashine moja iliyomsumbua bandarini, plagi, mafuta machafu, tajiri mwenye haraka. Alieleza vizuri. Glasi ilikuwa mkononi mwake, imetulia gotini, na mkewe alikuwa anatazama sakafu. Nilingoja anywe, na yeye akaendelea kuongea, na kidogo kidogo nikaelewa kwamba naye anangoja.

Nikanyoosha mkono nikaichukua kwake. Nikanywa, nikainua kidevu ili koo lionekane, nikameza. Nilipomrudishia alikuwa haniangalii, lakini alikunywa yote, akaomba nyingine, na hiyo pia nikaanza mimi.